Bei ya Chanjo: Kutoka Faini ya Uingereza hadi Shilingi 200 za Siaya

Kila linapoibuka pendekezo la kumpa mzazi fedha kidogo ili ampeleke mtoto kuchanjwa kwa wakati, jibu la kwanza katika ofisi zetu, na hata katika kumbi za mihadhara, huwa ni lile lile: hiyo ni rushwa. Mama, husemwa, hahongwi ili ampende mwanawe. Kauli hiyo ina uzito wa kimaadili na siipuuzi. Lakini imekosa historia. Inachukulia kwamba fedha ziliingia katika habari za chanjo juzi, sambamba na simu ya mkononi, na kwamba kabla ya hapo wazazi walikwenda kliniki kwa hiari tupu. Ukweli ni kwamba tangu dola za kisasa zilipoanza kutaka kila mtoto achanjwe, fedha zilikuwa mezani. Kilichobadilika ni uelekeo wake. Zamani zilitoka mfukoni mwa mzazi kwenda serikalini. Leo kuna wanaopendekeza zitoke serikalini kwenda mfukoni mwa mzazi.

Katika makala haya nafuata safari ya mageuzi hayo. Sababu yangu si udadisi wa kihistoria pekee. Maamuzi kuhusu nani agharimie chanjo za watoto wetu yanafanywa katika miaka hii tunayoishi, na wanaoyafanya wanastahili kujua ni njia zipi zimekwisha kujaribiwa na zilizaa nini.

Enzi ya faini

Edward Jenner alionesha mwaka 1796 kwamba majimaji ya ndui ya ng'ombe yanaweza kumkinga mtu na ndui. Inafaa kukumbuka kwamba wazo la kumkinga mtu kwa kumchanja ngozi halikuwa mali ya Ulaya. Mwaka 1721, ndui ilipoikumba Boston, mhubiri Cotton Mather alitetea uchanjaji kwa kutumia maelezo aliyopewa na Mwafrika aliyekuwa mtumwa wake, Onesimus, ambaye alikuwa amechanjwa kwao kabla ya kutekwa. Lugha yetu nayo inatunza kumbukumbu ya namna hiyo: neno chanjo limetokana na kuchanja, yaani kukata au kutia chale, kitendo ambacho watu wetu walikifahamu kabla ya sindano.

Uingereza ilianza kutoa chanjo ya ndui bure mwaka 1840. Bure haikutosha. Mwaka 1853 Bunge likapitisha sheria iliyomlazimu kila mzazi kumchanja mtoto ndani ya miezi 3 tangu kuzaliwa, na aliyekaidi alitozwa faini. Mwaka 1867 sheria ikakazwa: mzazi aliweza kutozwa tena na tena kwa mtoto yule yule. Kwa tajiri, faini hiyo ilikuwa ada ya kununua uhuru wake. Kwa kibarua wa kiwandani, ilikuwa mshahara wa siku nyingi, na aliyeshindwa kulipa aliuziwa vyombo vya nyumbani au alifungwa.

Matokeo yake hayakuwa utii peke yake. Mwaka 1885 makumi ya maelfu ya watu waliandamana katika mji wa Leicester kupinga sheria hiyo. Mwaka 1898 serikali ilirudi nyuma, ikaruhusu mzazi mwenye pingamizi la dhamiri asamehewe. Upande wa pili wa Atlantiki, mchungaji Henning Jacobson wa Cambridge, Massachusetts, alikataa kuchanjwa, akatozwa dola 5, akaipeleka kesi hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1905 mahakama hiyo iliamua kwamba dola ina mamlaka ya kulazimisha chanjo kwa ajili ya usalama wa wote. Serikali ilishinda mahakamani, lakini vuguvugu la kupinga chanjo lilibaki na linaishi hadi leo. Hilo ni somo la kwanza: shuruti inaweza kupandisha takwimu, na wakati huo huo ikapanda mbegu ya uhasama itakayovunwa na vizazi vijavyo.

Kutoka kuwinda ugonjwa hadi kutunza kalenda

Karne ya 20 ilileta mbinu nyingine. Katika kampeni ya kuitokomeza ndui duniani, iliyoimarishwa kuanzia mwaka 1967, fedha zilianza kugeuza uelekeo. Mtu aliyetoa taarifa ya mgonjwa wa kweli aliahidiwa zawadi. India ilifanya hivyo, na Somalia pia, ambako Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, aliugua Oktoba 1977 na kuwa mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida. Mwaka 1978 Shirika la Afya Duniani lilitangaza zawadi ya dola 1,000 kwa atakayetoa taarifa ya mgonjwa mpya atakayethibitishwa. Mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Sijapata kumsikia msomi yeyote akisema kwamba zawadi zile zilikuwa rushwa.

Hata hivyo, ndui ilikuwa adui wa aina yake. Ilionekana usoni mwa mgonjwa, na dozi moja ilimkinga mtu kwa miaka mingi. Mpango wa kupanua chanjo ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1974 ulikabiliana na jambo tofauti kabisa. Wakati huo, watoto wasiofikia 5 katika kila 100 wa nchi zinazoendelea ndio waliokuwa wakifikiwa na chanjo za msingi. Kuwafikia kulihitaji ziara kadhaa: wakati wa kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10, ya 14, kisha mwezi wa 9 kwa ajili ya surua. Mama hakuambiwa tena aje mara moja kwa sababu ugonjwa umefika kijijini. Aliambiwa aje mara 5, mtoto akiwa mzima, kwa tarehe iliyopangwa na mtu mwingine.

Nasisitiza hapa kwa kuwa mabishano mengi ya leo yanapita kando ya jambo hili. Mtoto asiyekamilisha chanjo mara nyingi si mtoto wa mzazi mkaidi. Ni mtoto aliyeanza na asimalize. Alipata chanjo ya kifua kikuu alipozaliwa, akaletwa wiki ya 6, halafu msimu wa palizi ukafika, au mama akaenda kumuuguza mkwe, au siku ile zahanati ilifunga mapema. Adui hapa ni kalenda, umbali na uchovu zaidi kuliko imani potofu.

Kizazi cha kwanza cha vikumbusho kilikuwa cha karatasi. Daktari David Morley, aliyefanya kazi Ilesha nchini Nigeria katika miaka ya 1950, alibuni kadi ya makuzi ambayo mama aliitunza mwenyewe nyumbani badala ya kuiacha kwenye kabati la hospitali. Kadi ya kliniki tuliyokua nayo sote ni mjukuu wa kadi ile. Kizazi cha pili kilikuwa cha redio. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini kusikiliza vipindi vya redio, kusoma vijitabu na kukubaliana hatua za kuchukua. Mpango wa chanjo za watoto ulipoanza hapa nchini mwaka 1975, ulikuta wananchi waliozoea kujadili afya kama jambo la umma. Redio, hata hivyo, huzungumza na kijiji kizima kwa mpigo. Haiwezi kumwambia mama fulani kwamba zamu ya mwanawe ni keshokutwa.

Siaya: simu inapokutana na shilingi

Hapo ndipo simu ya mkononi ilipoleta jambo jipya. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Kwa mara ya kwanza katika historia yetu, taasisi iliweza kumfikia mtu mmoja mmoja wa kijijini kwa ujumbe wake binafsi na kwa fedha zake binafsi, bila msafara wa magari wala foleni ya kusaini karatasi. Mwaka 2012 Tanzania ilianzisha huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyowatumia wajawazito na wazazi wa watoto wachanga ujumbe mfupi wa bure kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba au wa mtoto.

Je, ujumbe kama huo unatosha? Jibu lililo makini zaidi katika ukanda wetu lilitoka Gem, katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya. Kati ya 2013 na 2014 watafiti walisajili watoto wachanga zaidi ya 2,000 katika vijiji 152 na kuvigawa vijiji hivyo kwa bahati nasibu katika makundi 4. Kundi la kwanza liliendelea na huduma za kawaida. La pili lilitumiwa ujumbe mfupi kabla ya tarehe ya chanjo. La tatu lilitumiwa ujumbe, na mzazi akaahidiwa shilingi 75 za Kenya kwa kila chanjo iliyotolewa ndani ya wiki 2 tangu tarehe yake. La nne liliahidiwa shilingi 200, zaidi kidogo ya dola 2 za wakati ule, zikitumwa kwa simu. Ziara zilizohesabiwa zilikuwa 4, hivyo mzazi aliyewahi zote angepata shilingi 800 kwa jumla.

Watoto walipofikisha mwaka mmoja, waliokamilisha chanjo za msingi walikuwa asilimia 82 katika kundi la kwanza, 86 katika la pili, 86 katika la tatu na 90 katika la nne. Ni tofauti ya kundi la nne pekee iliyokuwa kubwa kiasi cha kutoweza kuhesabiwa kuwa ya bahati.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa utulivu. Kwanza, asilimia 82 ya watoto walikamilisha chanjo bila ujumbe wala senti. Wazazi wa Siaya hawakusubiri kuhongwa. Pili, shilingi 75 hazikuongeza chochote juu ya ujumbe mtupu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini Siaya inaongeza kwamba hata mkono wenye kitu hutazamwa una nini. Tafsiri yangu ni kwamba fedha inaanza kufanya kazi pale inapokaribia gharama halisi ya safari: nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, pamoja na kibarua kilichopotea siku hiyo. Chini ya hapo ni salamu tu. Tatu, hata shilingi 200 ziliacha mtoto 1 katika kila 10 nje ya mstari. Huyo hafikiwi kwa kupandisha dau; anahitaji mtu wa kumfuata.

Udaipur: somo la dengu

Ili kupima uzito wa matokeo ya Siaya, tuyaweke kando ya yale ya Udaipur, katika jimbo la Rajasthan nchini India. Huko, Abhijit Banerjee, Esther Duflo na wenzao walifanya jaribio na shirika la Seva Mandir katika vijiji 134, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Katika vijiji vya kawaida, ni asilimia 6 tu ya watoto waliokuwa wamekamilisha chanjo. Zilipoanzishwa kambi za chanjo za kila mwezi ambazo hazikukosa kufanyika, kiwango kikawa asilimia 18. Kambi hizo hizo zilipoongezewa kilo 1 ya dengu kwa kila chanjo, na seti ya sahani za chuma kwa aliyekamilisha, kiwango kikafika asilimia 39.

Jambo linalowashangaza wengi ni hesabu ya gharama. Kwa kila mtoto aliyekamilisha chanjo, kambi zenye dengu ziligharimu dola 28, na kambi zisizo na dengu dola 56. Zawadi ilipunguza gharama badala ya kuiongeza. Sababu yake ni nyepesi: muuguzi hulipwa siku nzima hata akichanja watoto 3, na gari hunywa mafuta yale yale. Watoto wakiwa wengi, gharama ya kila mmoja hushuka. Mtumishi wa serikali anayesema hatuna bajeti ya motisha anapaswa kwanza kutuambia ni kiasi gani tunakilipia kliniki iliyokaa bila watoto.

Lakini tazameni pia mpangilio wa jaribio lile. Dengu haikutangulia. Ilitangulia kambi ya uhakika, yenye muuguzi aliyefika siku aliyoahidi. Uhakika huo peke yake ulizidisha kiwango mara 3. Motisha ilijengwa juu ya huduma iliyosimama; haikuwekwa mahali pa huduma iliyoanguka.

Rushwa, takrima au nauli?

Sasa nirudi kwenye pingamizi la rushwa. Sisi Watanzania tuna uzoefu wetu wa kutofautisha maneno haya. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kile kilichoitwa takrima, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu hivyo kwa kuwa vilifungua mlango wa rushwa. Hoja ya msingi ilikuwa sahihi: mpiga kura akipewa pilau na khanga, kura yake inahamishwa kutoka kwenye maslahi ya umma kwenda kwenye maslahi ya mtoaji.

Pima mama wa Siaya kwa kipimo hicho hicho. Anayempa shilingi 200 hajipatii chochote kwa hila. Anayenufaika ni mtoto wake, na baada yake ni watoto wa majirani, kwa maana surua hukosa njia pale walio na kinga wanapokuwa wengi. Rushwa humlipa mtu aache wajibu wake. Hii humsaidia autimize. Kama ni lazima tuipe jina, jina lake ni nauli.

Na hapa inabidi tuseme jambo ambalo sisi wa ofisini hatupendi kulisikia. Tunapokwenda mji mwingine kwa warsha ya siku 2 kujadili namna ya kuongeza viwango vya chanjo, tunalipwa nauli na posho ya kujikimu, na agenda haifungwi kabla ya karatasi ya malipo kuzunguka. Hakuna anayesema tumehongwa ili tuwapende watoto wa taifa. Tunasema muda na safari zina gharama. Iweje gharama hizo ziwepo kwa afisa mwenye mshahara, zitoweke kwa mama anayeacha shamba na kutembea saa 2 akiwa na mtoto mgongoni?

Yapo mapingamizi mengine yenye nguvu zaidi kuliko lile la rushwa. La kwanza ni simu yenyewe. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mume, ujumbe na fedha vinamfikia mume. Asiye na simu, ambaye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote, anaachwa nje ya mpango uliobuniwa kwa ajili yake. La pili ni rekodi: palipo na malipo, patakuwepo kishawishi cha kujaza kadi bila kuchanja, na wa kubanwa hapo ni mfumo wa ukaguzi. La tatu ni mazoea, yaani fedha zikikoma, je, wazazi watakoma? Hilo ni swali halali, na ndilo linalonifanya nipinge miradi ya miaka 2 inayozinduliwa kwa fulana na kuzikwa kwa ripoti. Kwa upande huu Tanzania ina msingi wake. Tangu majaribio yaliyoanza mwaka 2010 Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini umeambatanisha ruzuku na masharti, likiwemo la watoto wadogo kuhudhuria kliniki. Hatuhitaji kubuni upya chombo kilichopo. Tunahitaji kukiuliza maswali ya Siaya.

Friji tupu

Pingamizi kubwa kuliko yote linahusu upande wa pili wa ahadi. Ujumbe unaosema mlete mtoto kesho ni mkataba. Mama akifika na kukuta dozi hazipo, mkataba umevunjwa na aliyeuandika. Mwaka 2025 vituo vingi vya Kenya vilikosa chanjo za kifua kikuu na polio, na wazazi waliotii tarehe walirudishwa nyumbani. Mwaka huo huo serikali ya Marekani ilitangaza kwamba itaacha kuichangia Gavi, muungano ambao kwa zaidi ya miaka 20 umezisaidia nchi maskini kununua chanjo. Mbele ya hali hiyo, kubishania shilingi 200 za mzazi bila kubishania mstari wa chanjo katika bajeti ya taifa ni kuchagua ugomvi mdogo ili kuukwepa mkubwa.

Historia niliyoieleza inaonesha mpangilio. Kwanza dozi na mtumishi wawepo siku iliyoahidiwa, kwa fedha zetu wenyewe kadiri inavyowezekana. Pili, kikumbusho kitumwe kwa lugha inayoeleweka, na asiye na simu afuatwe na mhudumu wa afya wa jamii mwenye orodha mkononi. Tatu, pale ambapo umbali na umaskini bado vinazuia, nauli itolewe waziwazi, ikaribie gharama halisi, na ikaguliwe. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada za tasnifu wangefanya kazi yenye manufaa wakihesabu, wilaya kwa wilaya, ni shilingi ngapi mama hutumia kukamilisha ziara zote za chanjo iliyoandikwa ukutani kuwa ni bure. Wanaharakati waidai hesabu hiyo. Watumishi wa umma wailete bungeni.

Uingereza ya 1853 ilimuuliza mzazi kwa nini hakuja, ikamtoza. Swali letu linapaswa kuanzia nyuma ya hapo: kuja kulimgharimu nini, na alipofika alikuta nini?